MAJI YAMEINGIAJE KWENYE DIZELI YA MASHINE?



Mashine ya kusaga ikizimika, kina mama hurudi nyumbani na mahindi yao kichwani. Jioni watatwanga kwa mchi, au watoto watalala na njaa. Fundi akifungua mashine, mara nyingine anakuta maji katika dizeli.

Hapo lawama huanza. Mwendeshaji anasema, "Muuzaji katia maji." Muuzaji anajibu, "Debe lenu ndilo bovu." Nani mkweli? Tusigombane. Tupime.

Ubaya wa maji

Maji hayawaki, kwa hiyo mashine hukohoa na kuzimika. Tena maji huleta kutu. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Zikipata maji, vyuma husagana na kuharibika. Wavuvi wa Pangani wenye mashua za injini wana shida hiyo hiyo. Lakini wao injini ikizimika, wako katikati ya bahari!

Jinsi ya kupima

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya dizeli ina karibu gramu 840. Basi maji ni mazito, nayo hukaa chini. Ukichota juu ya pipa utaona dizeli safi, kumbe maji yako chini.

Kwanza mwaga maji ya zamani, kausha pipa, debe na tangi. Kisha tafuta chupa 4 nyeupe zilizo kavu kabisa.

Chupa ya 1: dizeli unayopewa na muuzaji.
Chupa ya 2: dizeli ya chini ya pipa lenu. Tumbukiza mpira mrefu mpaka chini, ziba mdomo wa juu kwa kidole gumba, toa. Usinyonye kwa mdomo, dizeli ni sumu.
Chupa ya 3: dizeli iliyomo ndani ya debe.
Chupa ya 4: dizeli ya chini ya tangi, asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Ziache zitulie saa nzima. Maji yatajitenga chini. Usivute sigara wala kusogeza kibatari.

Chupa zinasema nini?

Tazama chupa ya kwanza kuonyesha maji. Hiyo ndiyo inayokuonyesha yalipoingilia.

Ikiwa ni ya 1, mmenunua maji. Mwendee muuzaji na chupa mkononi, mzungumze kwa heshima. Huenda hakukusudia, pipa lake nalo limenyeshewa.

Ikiwa ni ya 2, tazama pipa lenu. Je, limesimama nje? Mvua hutuama juu ya mfuniko. Mchana jua hupasha pipa moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Usiku hewa hupoa na kusinyaa, pipa linavuta maji kupitia kizibo, hata kama kimekazwa. Liweke chini ya paa. Kama hakuna paa, lilaze, vizibo viwili viwe usawa mmoja.

Ikiwa ni ya 3, debe lilikuwa na maji. Debe la dizeli lisichotewe maji ya kisima.

Ikiwa ni ya 4 peke yake, kagua mfuniko wa tangi. Ukiwa mzima, sababu ni umande. Tangi likilala nusu tupu, hewa ya ndani hupoa na kutoa matone, kama bati la nyumba alfajiri. Jaza tangi jioni baada ya kazi. Asubuhi fungua kizibo cha chini, toa maji kidogo kidogo mpaka itoke dizeli safi. Usiyamwage karibu na kisima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunachota dizeli ya chini, siyo ya juu?
2. Chupa ya 1 ni safi, ya 2 ina maji. Je, ni haki kumlaumu muuzaji?
3. Pipa la mashine ya kijiji chenu limewekwaje? Nendeni mkalitazame kabla ya masika.