Hisabati Nyumbani: Namna ya Kumwandaa Mtoto kwa Upimaji wa Darasa la Nne

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanyika kwa kawaida mwezi Oktoba, na katika kaya nyingi wiki zinazoutangulia hutawaliwa na agizo moja: "Nenda kasome hesabu!" Mtoto huchukua daftari, hukaa nalo saa nzima, kisha huinuka na kosa lilelile alilokaa nalo. Agizo hilo halina ubaya ila lina upungufu, kwa kuwa halimwonyeshi asome nini.

Wazazi wengi hujitenga na somo hili kwa kudai kwamba wao wenyewe hawakulipenda, au kwamba hesabu za siku hizi zimebadilika. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Kazi ya mzazi ni kugundua mahali mtoto anapopotelea, nayo haihitaji cheti. Huhitaji daftari, penseli na nusu saa ya utulivu kila jioni.

Mfano wa kutoa unatosha. Mtoto anapewa 4,002 kutoa 1,675, naye anaandika 3,673. Mzazi mwenye haraka atasema mtoto hajui kutoa. Akiulizwa kwa upole aeleze alivyofanya, mtoto atasema: tano toa mbili ni tatu, saba toa sifuri ni saba, sita toa sifuri ni sita, nne toa moja ni tatu. Katika kila safu ameondoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huo si uzembe. Ni kanuni mbovu anayoifuata kwa uaminifu, na kumwongezea maswali 50 ya aina hiyo ni kuikaza zaidi kanuni hiyo, achilia mbali viboko.

Hapo fedha husaidia. Mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba noti ya 1,000 huvunjwa ikatoa mia kumi. Akatiwe vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1,000, 100, 10 na 1, maana sarafu ya shilingi moja haionekani tena sokoni. Apange elfu nne na mbili, kisha avunje elfu moja kuwa mamia 10, mia moja kuwa makumi 10, na kumi moja kuwa mamoja 10. Mbele yake sasa kuna maelfu 3, mamia 9, makumi 9 na mamoja 12, na thamani haijapungua hata senti. Akiondoa 1,675 atabaki na 2,327. Zoezi hilo likirudiwa siku tatu au nne, vipande viwekwe kando naye aandike kwa safu kama afanyavyo darasani.

Afundishwe pia kuhakiki. 2,327 ukijumlisha na 1,675 hupatikana 4,002. Lile jibu la kwanza, 3,673, likijumlishwa na 1,675 huleta 5,348, na kosa hujifichua lenyewe. Ndani ya chumba cha upimaji hakuna mzazi wala mwalimu wa kumwashiria.

Jedwali la kuzidisha huwatisha watoto kwa wingi wake, ingawa wingi huo ni wa macho tu. Kuanzia 2 hadi 9 yapo majibu 64, lakini 7 mara 8 ni sawa na 8 mara 7, hivyo ya kukariri ni 36. Mawili kwa siku, yakiulizwa njiani kwenda kisimani au wakati wa kupepeta mchele, humalizika katika siku 18.

Usiku wa kuamkia upimaji si wa kufundisha jambo jipya. Mtoto ale, alale mapema, na penseli, kifutio na rula viwe tayari.

Iwapo baada ya wiki mbili kosa halijabadilika, mzazi apeleke daftari lenyewe kwa mwalimu wa Hisabati na kumwonyesha ukurasa husika, badala ya kumwuliza tu kama mtoto "anaendeleaje". Daftari lisilosahihishwa kwa muda mrefu nalo ni jambo la kuulizia kwa heshima, kwanza kwa Mwalimu Mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata.