Sikio Moja Likiwa Zito Kuliko Jingine

Hapa Nyasubi wapo wazee waliozoea kelele za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Lakini kelele kwa kawaida huharibu masikio yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Sikio moja likiwa zito zaidi, kwanza daktari atazame: pengine ni nta, usaha, au mara chache uvimbe kwenye mshipa wa fahamu. Likiziba ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vifaa vya kusaidia kusikia hupimwa na kurekebishwa kwa kila sikio peke yake. Alama nyekundu ni ya kulia, bluu ya kushoto. Msivibadilishane, wala baba asimwazime jirani! Wengi hupandisha sauti ya upande mbovu wakitaka ulingane na mzima. Matokeo yake maneno hukwaruza, na mzee hukitupa kifaa kabatini. Mketi mbele yake, mzungumze naye kwa sauti ya kawaida. Akisikia sauti imevutwa upande mmoja, amweleze fundi aliyempimia. Kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa vizuri sikioni, au kuna nta. Sikio lililokufa kabisa halifufuliwi na kifaa. Mketi upande wake mzima.