Kazi ya Ukarani katika Nchi ya Chai

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ukweli wa maneno hayo waonekana sana katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Mgeni apitaye huko hutazama vilima vya kijani na wachumaji wenye vikapu mgongoni, akadhani ameiona kazi yote ya chai. Lakini nyuma ya kila kikapu pana karatasi, na nyuma ya kila karatasi pana mtu aliyeiandika. Mtu huyo ni karani. Akiandika sawasawa, hakuna amtajaye. Akikosea tarakimu moja, nyumba nzima yaweza kukosa ada ya shule.

Jinsi hesabu zilivyozidi

Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920. Kwa muda mrefu chai ilikuwa mali ya mashamba makubwa tu, na karani wa siku zile aliandika majina ya vibarua na siku zao za kazi. Mambo yalibadilika Waafrika walipopata nafasi ya kupanda chai katika mashamba yao wenyewe. Mwaka 1964 iliundwa Mamlaka ya Kustawisha Chai ya Kenya, na mwaka 2000 mamlaka hiyo ikageuzwa kuwa kampuni ya wakulima.

Tangu hapo karani hakuwa na mwajiri mmoja wa kumwandikia, bali maelfu ya wakulima, kila mmoja na nambari yake. Mkulima hulipwa sehemu ya fedha zake kila mwezi kwa kadiri ya kilo alizopeleka, kisha hupata malipo ya pili baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kosa la siku moja, lisipoonekana, humfuata mkulima mpaka malipo hayo ya mwisho.

Tena kazi hii haingoji. Majani mabichi hayana budi kufika kiwandani siku ile ile yalipochumwa, na yapata kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Lori likifika kituoni jioni, karani hana nafasi ya kusema ataandika kesho.

Mfano wa mama na stakabadhi zake

Na tufikiri mfano huu. Mama mmoja mkulima aliingia katika ofisi ya kiwanda, akamkuta karani kijana mezani.

"Chamgei, mwanangu," alisema mama.

"Chamgei, Mama. Karibu uketi."

"Mwezi uliopita nilipeleka majani mara nane, nami nimelipwa ya mara saba. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Majani yangu yalikwenda wapi?"

Karani mwenye haraka angalijibu kwamba daftari halikosei, na mama angalikwenda zake akinung'unika. Kijana huyu hakufanya hivyo. Aliuliza, "Je, Mama, umeziweka stakabadhi zako?" Mama akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi nane zilizokunjwa. Karani alizipanga kwa tarehe, akatoa karatasi za kituo za mwezi ule, akalinganisha moja moja. Tarehe 14 stakabadhi ya mama ilionyesha kilo 27 kwa nambari 463. Katika daftari la malipo kilo hizo 27 ziliandikwa kwa nambari 436.

Mwenye nambari 436 alipoitwa, alisema kwa haki, "Siku ile mimi sikuchuma. Nilikuwa msibani." Kosa likawa wazi. Karani hakulifuta. Alipiga mstari mmoja juu ya nambari mbaya ili isomeke bado, akaandika ya kweli juu yake, akatia sahihi na tarehe, akampelekea mkubwa wake aidhinishe. Mama akaandikiwa fedha zake katika malipo ya mwezi uliofuata, naye akapewa barua ya kumpelekea mwalimu mkuu ili mtoto arudi darasani.

Mafunzo mawili katika mfano huo

Msomaji atauliza, kwa nini kosa lile halikuonekana mapema? Jibu ni kwamba jumla ya kilo za siku ile ilikuwa sawa. Kilo za kituo na kilo za lori zilipatana. Ila kilo 27 zilikaa mahali pa mtu mwingine. Kosa la namna hii halionekani kwa kujumlisha. Kinga yake ni kusoma jina na nambari pamoja kila mara, na kutunza stakabadhi pande zote mbili.

Kosa la pili ni la kupindua tarakimu za kilo zenyewe, kama kuandika 72 mahali pa 27. Hapo jumla hukataa kupatana, na karani aliyefundishwa anayo njia ya kulitafuta. Huchukua tofauti ya jumla mbili na kuigawa kwa 9. Mtu akitoa 27 katika 72 hupata 45, nayo yagawanyika kwa 9 bila baki. Ndivyo ilivyo kila mara tarakimu mbili zinapobadilishana mahali. Basi tofauti ikigawanyika kwa 9, karani kwanza hutafuta tarakimu zilizopinduliwa, asianze kupekua daftari zima bila mpango.

Siku hizi vituo vingi vina mizani ya umeme itoayo stakabadhi iliyochapwa, na hesabu huwekwa katika kompyuta. Hayo yamepunguza makosa, lakini hayakuondoa haja ya karani. Mashine huhifadhi nambari iliyopewa. Haijui kama mama aliyesimama mbele yake ndiye mwenye nambari hiyo.

Mambo ambayo karani hufundishwa

Kazi ya ofisi ni ufundi, kama useremala au uashi, nao hujifunzwa kwa utaratibu. Kwanza ni kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye karatasi na si kwenye vibonye. Zamani waliongeza hati mkato, ambayo Isaac Pitman wa Uingereza alitoa kitabu chake mwaka 1837. Leo kompyuta imechukua mahali pa taipureta, lakini vidole ni vile vile, na asiyevizoeza hupoteza saa nyingi.

Pili ni utunzaji wa majalada. Barua ikifika hupigwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua, hutiwa katika jalada lenye nambari yake, kisha hupelekwa kwa anayehusika. Jalada likiondolewa kabatini, kadi huwekwa mahali pake kuonyesha ni nani aliyelichukua na lini. Ofisi isiyofanya hivyo hutumia nusu ya siku ikitafuta karatasi.

Tatu ni kumbukumbu za mikutano. Viwanda vya wakulima wadogo vina wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima wenyewe, na maamuzi yao hayana budi kuandikwa. Karani haandiki kila neno lililosemwa. Huandika jambo lililokatwa, mtu aliyepewa kulitenda, na siku ya kulimaliza.

Nne ni hesabu za ofisi, uandishi wa barua, na namna ya kupokea wageni na simu. Na mwisho ni kutunza siri. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yakataza habari za mtu kutumiwa ovyo. Mapato ya mkulima, au ugonjwa wa mfanyakazi, si maneno ya kusimuliwa sokoni.

Njia ya kupata mafunzo

Vijana wa nchi ya chai hawana haja ya kusafiri mbali. Katika Kaunti ya Kericho kipo chuo cha ufundi cha Bureti, na katika Kaunti ya Bomet kipo cha Sot. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Kericho pia. Yafaa kijana aulize kwanza ni masomo gani yanayotolewa mwaka huo, ada yake ni kiasi gani, na mtihani ni wa baraza gani. Chuo cha watu binafsi kikimwahidi cheti kwa muda mfupi mno, na aulize kama kimeandikishwa na mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Wazazi wengi wameuza ng'ombe kwa ajili ya cheti ambacho hakuna mwajiri akitambuaye.

Aliyekwisha kuajiriwa serikalini anayo nafasi ya kujiendeleza katika Shule ya Serikali ya Kenya huko Lower Kabete. Mahali hapo palianza mwaka 1925 kama Shule ya Jeanes, pakawa Taasisi ya Utawala mwaka 1961, na pakapata jina la sasa mwaka 2012. Naye atakaye kupanda hadi kuwa katibu wa kampuni hufanya mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969.

Lakini cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa karani. Wakati wa mazoezi kazini, mwanafunzi na aombe kupewa kazi ndogo na aifanye kwa usahihi: kujumlisha karatasi za siku, kupanga barua, kujibu wenye kuuliza. Na kila mkulima afikapo mezani na stakabadhi zake katika fundo la leso, na akumbuke kwamba hakuletewa karatasi tu. Ameletewa jasho la mwezi mzima, nalo ni amana mikononi mwake.