Joto Linapopanda Mlimani

Ukipanda mlima, utaona kuwa hewa inazidi kuwa baridi. Kwa kila meta 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 za Sentigredi. Ndiyo sababu kahawa ya Arabika, isiyopenda joto kali, hustawi katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Baridi hiyo huwakinga watu pia. Vijidudu vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu. Joto likiwa chini ya nyuzi 18, vijidudu vya malaria kali hukua polepole mno, hata mbu wengi hufa kabla ya kuweza kuambukiza.

Tangu mwisho wa karne ya 19, wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1. Sababu kubwa ni hewa ya kabonidayoksaidi itokanayo na kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Je, nyuzi 1 ni kitu kidogo? Fikiri: ni kama kuliteremsha shamba la mkulima kwa karibu meta 170! Huko, kahawa hupata joto lisiloifaa, na malaria huweza kuenea. Mkulima akiugua, hawezi kuchuma kahawa. Asipouza kahawa, atapata wapi fedha za matibabu?

Zoezi
1. Kwa nini baridi ya mlimani huzuia malaria?
2. Joto likipanda kwa nyuzi 3, shamba litakuwa kama limeteremshwa meta ngapi?