Somo la Wanachama: Kuzisoma Ramani za Majanga



Mkulima wa Issuna, kama wenzake wa Mkoa wa Singida, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Alizeti ikikauka katikati ya msimu huo, hana mvua nyingine ya kumfidia, na mkopo wa mbegu hubaki mabegani mwa chama. Hapana budi, basi, vyama vyetu vijue kuzisoma ramani za majanga zilizomo katika intaneti. Simu ya katibu yatosha.

Ramani hizo ni za aina mbili.

Aina ya kwanza huonyesha lililokwisha kutokea. Mfano ni ramani ya moto ya FIRMS, itolewayo na NASA ya Marekani kwa vipimo vya setilaiti. Nukta moja ya kipimo kiitwacho VIIRS huwakilisha eneo la meta 375 kwa 375, yaani ekari 35 hivi. Hutuambia kuna joto la moto ndani ya eneo hilo. Haituambii shamba la nani linaungua. Tena, mawingu huuficha moto.

Aina ya pili hutabiri. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichopo Kenya, hutoa ramani ya East Africa Hazards Watch, na Tanzania imo. Utabiri wa msimu ni uwezekano, si ahadi. Ukisema uwezekano wa mvua haba ni asilimia 50, maana yake katika misimu kumi yenye dalili kama hizo, mitano hupungukiwa, mitano haipungukiwi. Chama chenye busara hakiachi kulima. Hugawa hatari, kikiweka sehemu ya fedha za mbegu katika mtama na uwele.

Ramani haimalizi kazi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, katika mkoa jirani wa Manyara, watu zaidi ya 80 wakafa. Utabiri wa mvua kubwa hutaja eneo pana. Mteremko wenye hatari hujulikana na wanaouona kila siku. Kwa hiyo kila chama kiwe na kipima mvua na daftari lake, na kifuate tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Maswali ya majadiliano

1. Nukta ya moto ikionekana karibu na ghala letu, nani atatumwa kuhakikisha?
2. Mvua haba ikitabiriwa, mkopo wa mbegu tuugawe vipi?