Safari ya Yaeda Chini na Likizo ya Uganda

SWALI: Mimi ni afisa mifugo, mkazi wa Endagikot, Mbulu. Nimemwahidi mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, kwamba mwaka huu nitampeleka Namugongo, Uganda, kuhiji siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni, kisha tupumzike kwa dada yangu aliyeolewa Masaka. Likizo yangu inaanza tarehe 28 Mei. Sasa nimepangiwa safari ya kikazi kushuka Yaeda Chini kuchanja ng'ombe majuma mawili, na nitarudi tarehe 25. Huko simu hushika kwa nadra. Pasipoti ya mama bado, tikiti bado, na moyo wangu umekwisha kwenda Uganda. Mwenzangu mmoja ananishauri nitafute karatasi ya daktari, niseme naumwa. Nifanyeje? (Mwenye Safari Mbili, Endagikot)

JIBU: Ndugu yangu, mzazi aliyezeeka katika vilima vya Mbulu, akatamani kwa miaka mingi kukanyaga mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, naye asipate wa kumpeleka, hata mwanawe akainuka na kusema, "Mama, mwaka huu twende," huyo hatafuti anasa, wala wewe hufanyi upuuzi kulifikiria jambo hilo usiku na mchana. Basi sikulaumu kwa kuwa moyo wako umetangulia. Nakuonya juu ya hiyo karatasi tu.

Mtumishi wa umma anayetoka nje ya nchi, hata kwa shughuli yake mwenyewe, hana budi kupata kibali cha mwajiri wake. Na yule yule utakayemdanganya leo kwamba hujiwezi ndiye atakayeletewa kesho ombi lako la kuvuka mpaka ukiwa mzima wa afya. Fauka ya hayo, ukijitia ugonjwa, zamu yako itamwangukia mwenzako ambaye huenda naye ana mama. Sidhani kwamba hija iliyoanzwa kwa uongo wa namna hiyo ungeweza kumsimulia mama yako njiani.

Tena itafakari kazi yenyewe unayoiona kuwa taklifu. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, wewe wajua kunishinda mimi, hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa na maji yake haina subira hata kidogo. Sasa mtu aliyesimama kwenye mlango wa boma la Wadatoga asubuhi, vumbi limepanda, dume linagoma kuingia, mwenye mifugo ameegemea fimbo yake akiwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, ilhali yeye afisa ameinua simu juu akitafuta mtandao apate kuuliza nauli ya Kampala, na kasha la barafu ameliacha wazi juani, mtu huyo atadunga sindano mia zisizo na faida, wala hapana atakayejua mpaka maradhi yaingie zizini. Mzee yule amewaleta ng'ombe kutoka mbali kwa kukuamini. Kwa ajili yake, ghairi ya mshahara na posho, nakusihi ushuke Yaeda Chini na moyo wako.

Lakini moyo hautulii kwa kuamrishwa; hutulia mambo yaliyouhangaisha yakishapata mtu wa kuyashika, na hapa ndipo naona mushkeli wako ulipo, kwani umeorodhesha tikiti, ambazo hupatikana hata siku ya mwisho, ukasahau jambo ambalo haliwezi kungoja tarehe 25. Uganda hudai kwa kila mgeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti hicho huanza kutambulika baada ya siku 10 tangu kuchanjwa. Ukichanjwa baada ya kupanda kutoka bondeni, tarehe 3 Juni itakukuta cheti chako hakijaanza kutumika. Kama unacho cha zamani, kitafute tu, kwa maana tangu mwaka 2016 chanjo hiyo moja inahesabiwa kuwa ya maisha. Ama kuhusu mama yako, watu waliopita umri wa miaka 60 ambao hawajapata kuchanjwa hawadungwi ila baada ya tabibu kuwapima na kulinganisha hatari na manufaa, na akiona haifai huweza kuwaandikia cheti cha kusamehewa. Hiyo ndiyo karatasi ya daktari unayopaswa kuitafuta, nayo ni ya haki.

Kadhalika pasipoti: mama hana budi kufika mwenyewe Uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole, na iwapo muda umebana, ulizeni hati ya dharura ya safari, ambayo hutolewa kwa safari za nchi jirani kama hii. Mkabidhi mkeo, kama umeoa, kadhia hii, au ndugu yako unayemwamini. Mpe fedha, mpe na mamlaka ya kuamua, pasipo kumtaka akungoje upande kilima kupata mtandao ndipo anunue tikiti. Wanaume wengi hukabidhi kazi wakabaki wameshikilia uamuzi.

Ukiwa kambini, andika taarifa ya kazi kila jioni, idadi ya ng'ombe na boma walikotoka, ili tarehe 25 usirudi na deni la maandishi. Na habari za Namugongo usizifanye hadithi ya kila usiku mbele ya wenzako wasio na likizo. Hilo huzaa kinyongo bure.

Hayo ya tabibu na Uhamiaji yanahitaji siku mbili za kazi kabla hujashuka. Mweleze mkuu wako ukweli mtupu, kwamba una mama mwenye miaka 67 na chanjo isiyongoja, umwombe akuruhusu ulifuate kundi siku mbili nyuma. Yamkini atakubali, na asipokubali, huyo uliyemkabidhi aende na mama kwa tabibu, nawe uchanjwe kabla gari halijaondoka. Barua ya ombi hilo iandike leo, uipeleke kwa mkono wako mwenyewe.