Kabla ya Kubadilisha Injini, Pimeni Puli

Ndugu na dada zetu wa vikundi, katika somo hili tunataka kuongea juu ya belti na puli. Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Hata sisi tulisema hivyo, na kikundi kimoja cha kina mama upande huu wa Garbatulla kikaingia hasara.

Kina mama hao walikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Injini yao, ile aina nzito inayokohoa polepole, ilikuwa imechoka. Wakachanga pesa, wakauza mbuzi, wakapata injini nyingine ya dizeli, mpya na nyepesi. Fundi akaifunga pale pale. Ile puli kubwa ya injini ya zamani akaitoa na kuipachika kwa hii mpya, kwa sababu bado ilikuwa nzima. Sisi tulikuwepo, tukapiga makofi. Injini ilipowaka na kushika mwendo, mashine ilianza kulia kama filimbi. Belti moja ikaruka ikagonga mabati, na kabla mtu hajafika kuzima, beringi zilikuwa zinatoa moshi na nyundo moja imetoboa chungio. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Lakini mashine ilifungwa, na kina mama wakarudi kwa kinu.

Kosa lilikuwa hesabu ya dakika mbili ambayo hakuna mtu aliyeifanya.

Belti hubeba mwendo kutoka puli moja mpaka nyingine. Puli kubwa ikizunguka mara moja, inavuta kipande kirefu cha belti. Puli ndogo haina nafasi ya kumeza kipande hicho kwa mzunguko mmoja, basi inalazimika kuzunguka mara kadhaa. Ni jambo lile lile ndani ya gari: puli ya injini ni kubwa kuliko ile ya jenereta inayochaji betri, kwa hiyo jenereta inakimbia kuliko injini yenyewe.

Kinachopimwa ni kipenyo, yaani upana wa puli kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kupitia katikati. Kama shafti inazuia futi, zungusheni utepe wa fundi cherehani kwenye ukingo wa nje, halafu mgawanye kwa 3.14. Utepe ukisoma inchi 56 na nusu, hiyo ni puli ya inchi 18.

Sasa tuchukue mfano. Injini ya zamani ilizunguka mara 1,000 kwa dakika. Puli yake ilikuwa inchi 18, na ya mashine inchi 6. Zidisha 1,000 kwa 18, gawanya kwa 6, unapata 3,000. Tuseme huo ndio mwendo ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Sawa kabisa. Sasa injini mpya inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Puli ni zile zile. Zidisha 2,000 kwa 18, gawanya kwa 6: 6,000! Mashine inatupwa mara mbili ya mwendo wake.

Msidhani mara mbili ni kidogo. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu inayovuta zile nyundo kuruka nje inaongezeka mara 4. Hata puli yenyewe, ikiwa ni ya chuma cha kumimina, inaweza kupasuka vipande. Tukikumbuka tulivyosimama karibu siku ile, mwili unasisimka.

Puli ya injini mpya ilitakiwa kuwa ya ukubwa gani? Geuzeni hesabu. Chukua mwendo unaotakiwa na mashine, 3,000, zidisha kwa puli yake, 6, halafu gawanya kwa mwendo wa injini, 2,000. Jibu ni inchi 9. Kwa hiyo puli ya nusu ya ile ya zamani ingetosha.

Kwa wale wasiopenda hesabu kuna njia ya chaki. Zimeni injini, fungeni mafuta, mtu wa kupitisha mahindi akae mbali. Wekeni alama kwa kila puli. Zungusheni puli ya injini kwa mkono, polepole, mzunguko mmoja kamili, na mtu mwingine ahesabu ile ya mashine. Ikizunguka mara 3, basi kila mwendo wa injini unazidishwa kwa 3. Hata mzee asiyejua kusoma atakwambia kama mashine itakimbizwa.

Jambo lingine ambalo watu husahau: ukibadilisha puli, urefu wa belti pia unabadilika. Kama kutoka katikati ya shafti moja hadi nyingine ni inchi 40, puli za 18 na 6 zinataka belti ya karibu inchi 119. Ukiweka ya 9 badala ya 18, inatakiwa ya karibu inchi 104. Belti zenu zitalegea kwa inchi 15. Hapo mna njia mbili: kununua fupi, ama kusogeza injini nyuma kama inchi 7 na nusu, kama msingi unaruhusu. Isiolo ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Mtu akienda kuleta puli peke yake, atapanda gari tena kufuata belti. Zungusheni kamba kwenye puli zote mbili, mkate, mwende nayo dukani pamoja na kipande cha belti ya zamani. Unene pia una herufi yake: A ni milimita 13 kwa juu, B ni 17. Belti ya A kwenye mfereji wa B itazama chini na kuteleza.

Kama mashine inatumia belti mbili au tatu, badilisheni zote pamoja. Mpya ikikaa na ya zamani, mpya ndiyo inabeba mzigo wote. Legezeni boliti za injini, sogezeni, vikeni belti kwa mkono. Kuipandisha kwa mtaimbo kunakata nyuzi za ndani. Nyosheni uzi kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse sawasawa pande zote. Ukibonyeza belti katikati kwa kidole gumba, ishuke kama sentimita moja na nusu kwa kila mita moja ya nafasi kati ya puli. Ikikaza sana inaua beringi. Ikiteleza, msimwage soda wala grisi juu yake. Tumeona hayo yote.

Na wavu wa kufunika belti usiondolewe kamwe. Leso, shuka na mitandio ya mama zetu ni mirefu, na belti haijui nguo ya nani.

Kwa vikundi vya mashamba, kama Rapsu au Malka Daka, hesabu ni hiyo hiyo kwa pampu ya maji inayovutwa kwa belti. Ila pampu ni kali zaidi: ukiikimbiza mara 2, inaomba nguvu karibu mara 8. Injini itatoa moshi mweusi na kuzimika, na mtalaumu dizeli.

Wale kina mama walipata puli ya inchi 9, wakabadilisha beringi, nyundo na chungio, na mashine ikasaga tena. Siku ya kuwasha walikataa tusimame mbele yake mpaka mwekahazina wao, mama asiyemaliza darasa la nne, alipohesabu kwa chaki mwenyewe.

Jaribuni hii kikundini: injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika, mashine inataka 3,000, na puli ya mashine ni inchi 6. Mtanunua puli gani ya injini? Mkipata inchi 12, mnaweza kumtuma mtu Isiolo, na kamba yake mkononi.